Bustani ya Pwani kwenye baridi: angalia dalili yako kabla hujalaumu mche

Sisi wauza miche wa Mombasa tuna kesi moja haiishi. Mtu ameolewa Limuru, au amepata kazi Nyahururu, au yuko Leicester, Uingereza, na watoto wake, amekumbuka nyumbani akanunua mgomba, mpapai, asumini na bogonvila akapanda, baada ya miezi picha zaanza kuingia kwenye simu yangu, jani la njano, jani jeusi, shina limelala, na swali ni lile lile, "kaka, kwani ule mche ulikuwa mgonjwa?" Mche haukuwa mgonjwa. Na mara nyingi hata hiyo baridi si muuaji peke yake, muuaji ni mkono wa Mombasa, yaani mtu kahama yeye lakini mkono wake umebaki Kisauni, anamwagilia vile alivyozoea, anapanda mwezi ule ule, anatafuta kivuli vile sisi tunavyotafuta kivuli. Huko juu hayo yote yageuka.

Nimepanga kwa dalili, ruka mpaka yako, lakini hii sehemu ya kwanza isome hata kama una haraka.

Kabla hujashika kisu wala mbolea

Jua usiku wako unashuka mpaka wapi. Si mchana, usiku. Mombasa hata kusi ikivuma na watu wakaanza kutoa sweta kabatini, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20, na kila ukipanda mita 1,000 kutoka baharini hewa yapoa kama nyuzi 6 hivi. Nairobi iko kama mita 1,700, Limuru imepita 2,200, piga hesabu mwenyewe. Na usitegemee joto la kwenye simu, simu yakupa la mji mzima na wewe pengine nyumba yako iko bondeni karibu na mto, ambako hewa baridi yote ya mlimani ndio yaja kulala. Nunua kipimajoto cha bei rahisi, kifunge kwenye kijiti usawa wa mche, usikibandike ukutani, ukisome alfajiri kabla jua halijatoka.

La pili, maji yaenda wapi? Udongo wetu huku ni mchanga na mawe ya matumbawe, mwaga ndoo saa hii ukigeuka hamna kitu, ndio maana kumwagilia asubuhi na jioni kwetu ni akili. Udongo mwekundu wa bara washika maji, na ule wa mfinyanzi wa Uingereza ndio usiseme. Chimba shimo futi moja kwenda chini na futi moja upana, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Masaa manne yakipita na bado wayaona yamekaa, hapo usipande kitu cha Pwani chini chini, inua tuta la futi moja kwanza, mboji na mchanga wa mto, alafu ndo upande juu yake. Hili jaribio halina gharama na laokoa miche mingi kuliko dawa yoyote ya agrovet.

La tatu ni jua. Huku mtu akinunua mche laini namwambia auweke chini ya mwembe usichomeke. Huko juu nasema kinyume, uweke pale jua linapopiga sehemu kubwa ya siku, karibu na ukuta wa mawe unaokunywa joto mchana na kulitoa usiku. Ukuta upi? Uingereza ni ule unaotazama kusini, hapo hamna mjadala. Limuru watu wanakosea, sababu sisi tuko chini kidogo ya mstari wa ikweta na Julai jua lapita upande wa kaskazini, kwa hivo mwezi wa baridi ukuta unaotazama kaskazini ndio wenye bahati.

Majani yamegeuka meusi usiku mmoja, yananing'inia kama yamemwagiwa maji ya moto

Hii ni sakitu, ile barafu nyeupe inayoonekana kwenye nyasi alfajiri. Maji yaliyo ndani ya jani yameganda, yamepasua jani kwa ndani, jua likitoka jani laanguka. Watu wa Pwani wengi wanadhani hatari ni Julai manake Julai ndio wanatetemeka, kumbe Julai ya bara mara nyingi ina mawingu, na mawingu yashika joto la ardhi lisipotee. Hatari kubwa ni Januari na Februari, kavu, mbingu nyeupe, nyota zote zaonekana, upepo hamna, hapo ndipo hata chai huungua mashambani. Kwa hivo ukitoka nje usiku wa Januari ukasema mashallah usiku mzuri huu, kimbilia mgomba wako.

La kufanya baada ya kuungua: kwanza usifanye kitu. Usikate siku hiyo hiyo. Najua yatia aibu pale getini lakini yale majani meusi yanafunika sehemu ya chini iliyo hai, na usiku ujao waweza kuwa mbaya zaidi. Subiri msimu wa sakitu upite, alafu chukua kisu kikali, anza juu ya gogo la mgomba ukate vipande vyembamba ukishuka. Mwanzo utaona rangi ya kahawia, maji maji, harufu mbaya. Endelea. Ukifika mahali pana rangi nyeupe ya maziwa, pagumu, panatoa maji safi, simama hapo hapo, jani jipya litatokea katikati ya hicho kisiki. Ukishuka mpaka chini na bado ni kahawia, usiung'oe, fukua udongo kidogo ubonyeze shina la chini kwa kidole gumba, likiwa gumu litatoa watoto joto likirudi, likizama kidole basi.

Kuzuia: leso kuukuu. Sisemi mchezo, leso mbili tatu zilizochakaa, au shuka, au gunia, uziweke juu ya vijiti vinne jua likizama, zifike mpaka chini zishike joto la ardhi, asubuhi uzitoe. Usitumie nailoni ikagusa majani, pale inapogusa ndipo panapoungua kwanza. Na usipande mahali jua la asubuhi linapiga mapema sana, jani lililoganda likipashwa ghafla laumia zaidi kuliko linaloyeyuka polepole.

Wa Uingereza, leso haitoshi, kwenu huko ni miezi. Mgomba unaolala nje huko ni mmoja tu wa kuutegemea, Musa basjoo, wenye asili ya China, shina lake la chini lavumilia mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri likifunikwa vizuri. Majani yakishaungua na sakitu ya kwanza yakate, zungusha waya wa kuku kulizunguka gogo, jaza nyasi kavu ndani, na juu weka kifuniko mvua isiingie. Hiyo kifuniko ndio watu wanasahau, alafu Machi wanafungua wanakuta uji. Ndizi zake hazilwi, zimejaa mbegu, ni mgomba wa macho.

Mpapai umelainika shingo ya chini, majani bado yako juu

Bonyeza shina pale linapoingia ardhini. Ngozi ikiteleza na kutoa maji yenye harufu, mizizi ishaoza, na hata ukiona kilele bado kijani huo mti umekufa haujapata habari tu. Dawa hamna. Mpapai ndio mti unaouawa na maji kuliko wote ninaouza, hata huku Mombasa masika ikizidi na maji yakasimama siku mbili yafa mipapai yenye afya, sasa ukiongeza udongo wa nyuzi 12 ambao mizizi yake imelala hainywi kitu, wewe kila asubuhi na keni lako, utarajie nini.

Kanuni ya maji huko baridini ni kidole, si saa. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka na unyevu, ondoka zako. Julai Limuru na ule ukungu waweza kukaa wiki nzima na zaidi bila kumwagilia na mche usidhurike. Kama uko kwenye chungu, toa kile kisahani cha chini, miezi ya baridi hakina kazi isipokuwa kuozesha.

Ukiwa bado wataka umbo la mpapai, uko mpapai wa milimani, asili yake Andes huko Amerika ya Kusini, majani yanafanana, matunda madogo ya njano yenye harufu nzuri, yanapikwa au kutiwa sukari. Huo wapenda ubaridi usiokuwa na sakitu kali. Kiambu na Limuru ndio mahali pake.

Majani ya njano

Hapa watu wananitumia picha ya mbali, mti mzima, nami siwezi kujua chochote. Nataka kujua njano imeanzia wapi.

Imeanzia majani ya chini, ya zamani, taratibu, na mti wakua: njaa ya naitrojeni, samadi iliyooza vizuri itamaliza. Imeanzia majani mapya ya juu, mishipa ya jani bado kijani na katikati njano: mizizi haipati madini ya chuma, ama yamefungwa na udongo wenye chokaa nyingi (hii ni shida yetu sisi wa matumbawe, si ya Limuru) ama mizizi imelowa. Majani yote kwa pamoja yamefifia na mti umesimama tu haukui: udongo umepoa, chakula kipo lakini mizizi haiwezi kukila.

Hiyo ya mwisho ndio ya baridi na ndio wengi wanaikosea, manake wakiona njano wanakimbilia mbolea, na mbolea ya dukani kwenye udongo baridi yabaki pale pale ikiunguza mizizi. Usitie mbolea yoyote kuanzia baridi inapoanza mpaka uone jani jipya limeanza kufunguka lenyewe.

Na kuna udongo wa chai. Chai yapenda udongo mchachu, na Limuru ni nchi ya chai, mgomba na mpapai hazitaki uchachu kiasi hicho. Kabla hujamwaga majivu ya jiko kila pembe, pima udongo, KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, wana maabara ya udongo pale Kabete, alafu ndo ujue utie chokaa ya shamba kiasi gani. Majivu kidogo hayana neno. Ndoo nzima chini ya mche mmoja ina neno.

Mgomba umesimama, au tumba limekwama shingoni

Kwetu mgomba ukiwa na joto na maji watoa jani jipya kila wiki au siku kumi. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi karibu unasimama kabisa. Haujafa, umesubiri. Ule ambao Pwani ungekupa mkungu ndani ya mwaka, huko waweza kukuweka mwaka na nusu hata miwili, na hamna dawa ya kuuharakisha.

Kukwama kwa tumba ni jambo lingine na nilivyoelezwa na mama mmoja wa Limuru alidhani amerogwa. Tumba la ndizi halizaliwi kule juu, lazaliwa chini karibu na ardhi, lapanda ndani ya gogo mpaka litokee kileleni. Baridi ikilikuta njiani, majani ya mwisho yatoka mafupi yamebanana, shingo ya mgomba yawa nyembamba, tumba lafika pale halina njia, ama labaki nusu ndani nusu nje na chana zimeminyana, ama lapasua gogo litoke ubavuni. Si uchawi, ni nyuzi. Migomba mifupi ndio yasumbuliwa zaidi na hili.

Usipasue gogo kulisaidia, utaingiza maradhi. Ziache ndizi zikue zinavyoweza, ukate mkungu mapema upike mbichi. Kinga yake ni kuchagua watoto: acha mtoto mmoja au wawili kwa shina, na uchague wa umri ambao tumba lake litatoka kuanzia Oktoba kwenda mbele, si Juni. Na mkono wa tembo sahau, huo ni mgomba wa nchi za chini zenye joto. Kisii na Meru wanavuna ndizi vizuri sana lakini wengi wako chini kuliko Limuru, na wana matoke ambazo zishazoea ubaridi, anzia hizo.

(Ndizi zikiiva usiziweke friji ukalalamika ngozi imekuwa nyeusi. Ni baridi ile ile, ngozi ya ndizi haivumilii chini ya nyuzi 13.)

Kama huna haja ya kula, wataka majani tu, achana na migomba yetu yote utafute mgomba mwitu, ensete, ule wenye jani pana lililosimama na uti mwekundu katikati. Ni wa kwetu Afrika, wajimea kwenye misitu ya milima ya Kenya, na kusini mwa Ethiopia watu wanakula shina lake, ndio chakula chao cha kila siku. Hautoi watoto pembeni, wachanua mara moja maishani alafu wafa, kwa hivo panda mwingine kila baada ya miaka michache.

Bogonvila jani tupu, ua hamna

Maji mengi, mbolea nyingi, au kivuli. Angalia kwa mpangilio huo. Bogonvila yachanua ikiteswa kidogo, huku yachanua kweli kweli wakati wa kaskazi watu wakilia maji. Bara panda kwenye chungu chini ya upenu ambapo mvua haiifikii, upande wa jua, mwagilia pale majani yanapoanza kulegea na si kabla. Uingereza iingie ndani msimu wa baridi, ikae karibu kavu, itaangusha majani yote na hiyo ni kawaida, usiitupe.

Uko ndani ya nyumba, ncha za majani kahawia, na kuna utando mwembamba

Hii ni ya Leicester na nyumba zenye hita. Hita yakausha hewa, na hewa kavu yenye joto ndio harusi ya utitiri mwekundu. Wadogo sana, hutawaona kwa kuangalia jani. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya jani, gonga jani mara mbili kwa kidole, alafu tazama karatasi bila kupumulia: vumbi halitembei, ukiona nukta zinatembea hao ndio wenyewe. Ziburute kwa kidole, zikiacha mchirizi wa rangi umethibitisha.

Peleka mche bafuni, uoshe chini ya kila jani kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, chini ya jani nasema sababu huko ndio wamelala, rudia kila baada ya siku chache kwa wiki mbili tatu manake mayai hayafi kwa mara moja. Alafu uhamishe mbali na hita. Shangazi yangu mche wake ulikuwa mezani juu ya hita kabisa kwa sababu eti hapo ndio pana joto la Mombasa. Joto la Mombasa lina unyevu wa bahari ndani yake, la hita halina.

Kama mche unarefuka mwembamba umeinamia dirishani, huo hauna ugonjwa, watafuta mwanga. Disemba Uingereza mchana ni kama masaa 8 tu, na hiyo ni kama hakuna mawingu. Uweke kwenye dirisha lenye jua, punguza maji, usiulishe mpaka Machi.

Jani jipya limefunguka na matundu yamejipanga mstari

Konokono. Alikula lilipokuwa bado limejikunja, tundu moja likapita matabaka yote, kwa hivo likifunguka waona safu ya matundu yanayolingana. Maua ya kana (canna) na migomba ndio wahanga. Toka usiku na tochi baada ya mvua, wachukue kwa mkono, na toa mbao na vyungu vilivyolala karibu, mchana wamejificha hapo.

Mnazi

Wanauliza sana kwa hivo ntajibu. Nazi iliyochipua yaweza kukaa kijani miezi mingi hata Limuru, hata kwenye sebule ya Uingereza, ukafurahi ukawaonyesha wageni. Ile yala nazi yake yenyewe, akiba ya ndani. Ikiisha akiba yafaa mizizi ianze kazi, na mizizi ya mnazi haifanyi kazi kwenye baridi, hapo makuti yaanza kukauka moja moja. Usitumie pesa yako.

Bara panda mkindu. Ndio huo huo ambao mabibi zetu wanapata ukindu wa mikeka na makuti yake yameinama vizuri tu, na wajimea wenyewe kando ya mito mpaka sehemu za juu za bara. Nashangaa watu wanatafuta mitende ya kigeni ya bei ya ng'ombe na mkindu uko. Uingereza chukua Trachycarpus fortunei, ule wenye shina la manyoya, uliletwa kutoka China na Robert Fortune mwaka 1849 na hata theluji ikiukalia hausemi kitu. Lakini mnyauko wa jani la katikati uuangalie: jani jipya likivutika kwa vidole na chini yake lanuka, maji yamekaa kileleni yakaozesha. Litoe, pakaushe, weka dawa ya shaba, uufunike juu mvua isiingie mpaka joto lirudi.

Asumini haichanui, vitumba vyaanguka kabla ya kufunguka

Asumini yetu yataka usiku wenye joto. Kitumba kishatokea, usiku mmoja ukashuka sana, kesho kiko chini. Pia chaanguka ukisahau maji siku mbili alafu ukayamwaga yote kwa pamoja, au ukihamisha chungu kila mara. Haibiskasi ni tabia hiyo hiyo. Ipogoe baridi ikiisha, manake maua huja kwenye matawi mapya, iweke dirishani au kwenye baraza yenye kioo, na Uingereza nje upande asumini nyeupe ya kutambaa, Jasminum officinale, ambayo yavumilia sakitu na jioni ya Julai yanukia.

Langilangi na mkadi, miti yetu ya maua ya harufu, usijaribu. Rehani panda kila mwaka upya dirishani. Mwenye kutaka kikuba, kile kishada cha maua ya harufu cha harusi, asubiri ndugu anayepanda basi la usiku.

Kila kitu kizima lakini bustani haionekani ya Pwani

Hii nayo ni dalili, na sababu yake ni kwamba umepanda mche mmoja hapa, mmoja kule, katikati nyasi zimekatwa vizuri. Pwani haikai hivo. Pwani jani lakaa juu ya jani, hupiti bila kusukuma kitu. Great Dixter, bustani moja maarufu ya Uingereza, mwenyewe Christopher Lloyd miaka ya 1990 aling'oa mawaridi ya zamani akajaza migomba, kana na majani makubwa, watu wakasema kawa mwenda wazimu, na siri yake haikuwa mimea ya ajabu, ilikuwa msongamano na ukubwa wa majani.

Kwa hivo tafuta jani, usitafute jina. Magimbi, ambayo bara mnaita nduma, jani moja laweza kumfunika mtoto, na yapenda maji, ndio kitu pekee kwenye bustani yako ambacho mkono wa Mombasa haukiui. Kangaga la mti lipo kwenye misitu ya milima ya Kenya, lataka ukungu na kivuli, huku kwetu lingekauka mara moja lakini ukilitazama utaapa ni la nchi ya joto. Matunda damu yana jani pana laini, na matunda juu. Pasheni panda ile ya zambarau, ya njano ndio ya Pwani yetu. Uingereza Fatsia yakaa nje mwaka mzima na jani lake lina vidole vya mpapai.

Na mbarika! Huku wajimea majalalani tunaukata kwa panga, Ulaya watu wananunua mbegu kwa pakiti, wanaziotesha ndani mwanzo wa majira ya kuchipua, wanazitoa nje sakitu ikiisha, na kabla majira ya joto hayajaisha mti ushampita mtu. Jani jekundu kubwa, sumaku ya macho. Mbegu zake ni sumu kali, kama kuna watoto au mbwa kata mashada ya maua kabla hayajafunga mbegu.

Mche ulifika mzima ukafa mwezi wa pili

Ulipanda lini? Ukisema Aprili, ndio jibu. Aprili huku ni masika, kila mtu apanda, na mche wapata mvua na joto pamoja. Limuru ukipanda Aprili, mche ndio kwanza wataka kutoa mizizi Juni imeshafika. Panda Septemba mwishoni au Oktoba, baridi imepita na vuli yaja, upate miezi mitatu ya mizizi kabla ya zile sakitu za Januari. Uingereza usitoe kitu nje kabla ya mwisho wa Mei, na uuzoeshe, mchana nje usiku ndani, kama wiki mbili.

Safari yenyewe: uvushe mche usiku, si kwenye buti la gari mchana Mariakani jua linawaka. Usimwagilie siku ya safari, mwagilia jana yake. Ukifika usipande siku hiyo, uache barazani wiki nzima ujue hewa.

Wa Ulaya, usitie mche wala kipande cha mgomba kwenye begi. Bila cheti cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, unanyang'anywa uwanja wa ndege, na shina la mgomba lenye udongo labeba maradhi ya mizizi yasiyo na dawa. Musa basjoo wanauza huko huko. Mkiniletea picha basi leteni ya karibu, chini ya jani, shingo ya shina, na kipimajoto cha alfajiri kwenye picha hiyo hiyo.